Nikitembea nimejaa, nikiandika nimekauka

"Assalamu alaykum mwalimu. Nina miaka 38, nafanya kazi ya ofisini hapa Wete, Pemba. Kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri natoka kwa miguu kufuata njia ya Gando mpaka shamba la marehemu babu, kisha narudi kabla jua halijawa kali. Gari zipo na pikipiki ninayo. Kutembea nakupenda tu. Nikiwa njiani nahisi nimejaa maneno. Nikikaa kuandika, linalotoka ni hili:

Kisiwa chetu kizuri, kimejaa na majani,
Mandhari yake fahari, na ndege wako mitini,
Hewa safi ya bahari, yaburudisha moyoni,
Natembea mashambani, moyo wajaa furaha.

Mizani nimehesabu, vina vipo, lakini nikilisoma naona halina roho. Rafiki yangu mmoja kaniambia kutembea bila ya shughuli na kusifu majani ni ushairi wa Kizungu, wa kwetu ni mafumbo na mawaidha. Mwengine kaniambia vina ndivyo vinavyonibana, niviache. Jumamosi iliyopita kwa mfano nilikuwa nyuma ya mzee mmoja anateremka mlima na baiskeli, hakuipanda, kaishika breki, nyuma kafunga polo la karafuu mbichi. Polo limetoboka, zinamdondoka naye hana khabari. Nikawa naokota moja moja natia mfukoni mpaka nikamfikia nikampa. Chache zikabaki mfukoni nikazisahau, na mke wangu alipotaka kufua akaniuliza nimetokea wapi. Furaha niliyokuwa nayo asubuhi ile siwezi kuieleza. Nifanye nini?"

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimecheka peke yangu, maana unaniuliza shairi limepotelea wapi na huku umeshanitumia. Limo humo humo kwenye barua, ila si pale ulipopanga mistari minne. Nitafika.

Kwanza nikutoe hofu ya ufundi, kwa sababu naona hofu hiyo ndiyo inayokufanya uwasikilize marafiki zako wote wawili kwa wakati mmoja. Nimeupima ubeti wako kwa vidole, kama tulivyofundishwa. Mishororo minne, kila mmoja ukwapi, yaani nusu ya kwanza, mizani (silabi) nane, na utao, nusu ya pili, nane, kina cha kati -ri, cha mwisho -ni, na kituo, mshororo wa mwisho, kimepewa vina vyake. Si guni, yaani shairi lililovunja vina au mizani. Kasoro ndogo ni pale "kimejaa na majani". Kisiwa kimejaa majani, basi. Hiyo "na" umeiajiri ikalie kiti cha mizani ya tano ili kiti kisionekane kitupu. Sote tumewahi kuajiri hivyo.

Hilo dogo. Kubwa ni kwamba ubeti huu ukiupeleka Tanga, Mafia au Lamu utakaa bila ya kubadilisha hata herufi. Umesema kizuri, umesema fahari, umesema safi, umesema furaha: hukumu nne, na shahidi hata mmoja hakuitwa. Unasema ndege wako mitini. Ndege gani, na mti gani? Kisiwa hiki kina ndege wanne wasioishi pengine popote duniani: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, bundi mdogo anayelia usiku, na kile kidogo cha manjano chenye duara jeupe kulizunguka jicho. Popo wetu mkubwa naye, anayelala akining'inia Kidike na Ngezi, hana kwao kwengine. Sikwambii uwaorodheshe, shairi si daftari la mali. Lakini mtu aliyepita chini ya mti wenye ninga akaandika "ndege" ni kama aliyekwenda arusini akarudi kutusimulia kwamba kulikuwa na watu.

Usidhani nakucheka wewe. Nilipokuwa kijana nilitunga beti ishirini juu ya jua linavyozama baharini Vumawimbi, na Vumawimbi nilikuwa sijafika. Nikazighani mbele ya watu kwa sauti ya kujiamini. Mzee mmoja wa upande ule akanisubiri nimalize, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, jua hilo ulilitazama umeelekea wapi?" Pwani ya Vumawimbi inatazama mashariki. Jua linatoka baharini, na jioni linateremkia nyuma ya miti. Beti ishirini, vina vyote sawasawa, na jua linazama upande usio wake. Tangu siku hiyo sitii kitu kwenye shairi mpaka nijue nilikuwa nimeelekea wapi nilipokiona.

Sasa swali lenyewe: kwa nini njiani umejaa na mezani umekauka?

Ukitembea, mambo yanakujia kwa zamu. Gari inayokwenda mbio kutoka Chake mpaka Wete inakupa rangi moja ya kijani inayokimbilia nyuma. Miguu inakupa kitu, kisha inakupa kingine: bonde la mpunga, moshi wa jiko la mtu, mlango wa bati uliofungwa kwa kamba, mtoto anayekuamkia huku amebeba ndoo. Kila kimoja kinakaa machoni kwa muda wa hatua ishirini au thelathini, na muda huo wote wewe hushughuliki na moyo wako. Unashughulika na ndoo: itamwagika au haitamwagika? Ndiyo maana unajihisi umejaa. Umejaa vitu.

Ukifika mezani swali linageuka. Unajiuliza, "Nilihisi nini?" Jibu la swali hilo ni lile lile kila Jumamosi: furaha. Na furaha ukiitaja kwa jina lake msomaji anaitikia alhamdulillahi na kufungua ukurasa wa pili. Hakukataa, ila hakupewa cha kushika. Hisia haihami kutoka kifua kimoja kwenda kingine kwa kutajwa. Inahama kwa kupanda juu ya kitu, kama mtu anavyopanda chombo.

Tazama sasa ulivyoandika ulipokuwa hujajiweka tayari kuwa mshairi. Mzee, mlima, breki, polo, tobo, kuokota, mfuko, mke, swali. Hukuniambia mandhari ni fahari, na mimi nimeliona hata tobo lenyewe la polo. Nimeyachukua maneno hayo hayo nikayapunguza tu ili yaingie kwenye mizani:

Mzee ateremka, baiskeli mkononi,
Poloni zinadondoka, moja moja udongoni,
Nainama, nainuka, nazitia mfukoni,
Nilipofika nyumbani, shati limenisemea.

Huu si ubeti wa kutundikwa ukutani. Nimeutunga wakati chai inapoa, na kasoro zake nitazitaja mwenyewe kabla hujaniandikia tena. "Baiskeli" nimeihesabu ba-i-ske-li, mizani nne. Wapo watakaotaka kunipa tano, na tukikaa barazani tutabishana mpaka magharibi. Kina cha mwisho nimekiweka -ni kama wewe, na hilo ni uvivu, nitalirudia. Lakini angalia mambo mengine matatu.

La kwanza, neno karafuu halimo. Sikulificha kwa makusudi, nafasi ilikuwa haitoshi, kisha nikaona halihitajiki. Mtu wa Pemba akisikia zinadondoka kutoka poloni, na shati likamsemea mtu, pua yake inamalizia. La pili, "nainama, nainuka" ndio mwendo wenyewe: mizani nne chini, mizani nne juu. Ukiughani ubeti huu mgongo wako unaukumbuka. La tatu ni nililoliacha. Uliniambia ulimrudishia mzee karafuu zake, na nakushukuru kwa niaba yake, lakini ningelitia humo ubeti ungegeuka kuwa wa kukusifu wewe. Shairi la matembezi linaharibika upesi mtembezi anapokuwa ndiye mwema wa hadithi.

Na hapa ndipo rafiki yako wa kwanza anapojibiwa. Anasema wa kwetu ni mafumbo. Ana haki, nusu. Washairi wetu wa zamani hawakuwa na mtindo wa kukaa kuusifu mlima kwa sababu ni mlima. Mti, ndege, chombo, bahari, vyote viliingia kwenye shairi vikiwa vimebeba mtu au neno jengine ndani yake. Basi usome tena mshororo wa mwisho kama hujui khabari ya karafuu. Mume katoka alfajiri, karudi nyumbani, na shati limemsemea. Kwa mke. Fumbo hilo sikuliweka, limekuja lenyewe likakaa kwa sababu kitu kilichotajwa ni cha kweli na kina harufu. Fumbo zuri mara nyingi huja hivyo. Mkeo akiusoma, maelezo utatoa mwenyewe, mimi simo.

Nusu aliyokosea ni hiyo ya kusema kutembea na kutunga ni mali ya Wazungu. Kiswahili kina wawe, nyimbo za wakulima, na kina kimai, nyimbo za watu wa baharini. Majina hayo yapo kwa sababu watu walikuwa wakiimba mahali walipokuwepo, kwa kazi waliyokuwa nayo. Pemba ilikuwa na Kamange na Sarahani, waliotupiana mashairi zama za mababu zetu. Sarahani amefariki mwaka 1926. Hawakuhitaji ruhusa ya mtu wa mji mwengine kutunga kwa ulimi wa kisiwa hiki, nawe usiyafute maneno ya kwenu kwa kuogopa kwamba msomaji wa bara hatayajua. Atauliza. Kuuliza hakuui.

Kitu kipya kwako ni hicho cha kutembea bila ya haja, na hilo ni kweli, piga moyo konde ulikubali. Njia unayopita haikukanyagwa na watu wa matembezi. Imekanyagwa na wachumaji waliobeba mapakacha na pembo za kuvutia matawi, wanaolipwa kwa pishi, ambao jioni wanakaa chini kuchambua makonyo, vijiti vya karafuu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na ya huku kwetu ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu za visiwa hivi zimekuwa zaidi ni za Pemba. Zama hizo waliopanda na kuchuma wengi wao walikuwa watumwa; utumwa haukufutwa kisheria hapa mpaka mwaka 1897. Ukipita chini ya mikarafuu mikongwe na kusema tu "moyo wajaa furaha", miti inakusikiliza na kunyamaza. Sisemi uandike maombolezo kila Jumamosi. Nasema tu kwamba mzee mwenye baiskeli yuko kazini na wewe uko mapumzikoni, na tofauti hiyo ikiingia kwenye shairi, hata kwa neno moja, shairi linapata uzito ambao "kizuri" haliwezi kuuleta. Kwenye ubeti wangu nimejaribu kwa kumweka yeye mbele na wewe nyuma umeinama.

Kuhusu hao Wazungu, kwa kuwa wametajwa. Rafiki yako pengine anamfikiria William Wordsworth wa Uingereza, aliyekuwa mtembezi kwelikweli na akitunga kwa sauti huku anakwenda na kurudi kwenye njia ya bustani. Shairi lake linalojulikana kuliko yote ni la maua ya manjano kando ya ziwa Ullswater. Alipoyaona, tarehe 15 Aprili 1802, alikuwa na dada yake Dorothy. Dada ndiye aliyeandika kwenye shajara yake jinsi maua yale yalivyokuwa, mengine yameegemeza vichwa kwenye mawe kama mtu aliyelala kwenye mto. Kaka alikuja kutunga kiasi cha miaka miwili baadaye, likachapishwa mwaka 1807, na mwanzo kabisa wa shairi anasema alikuwa peke yake! Dada katolewa. Mimi hilo halinipendezi, lakini linafundisha mambo mawili yanayokuhusu: hata yeye hakuandikia njiani, na nyuma ya shairi palikuwa na daftari la mtu aliyeona sawasawa.

Mbali zaidi kuna Bashō wa Japani, aliyetembea miezi mingi kuelekea kaskazini ya nchi yake mwaka 1689 na kutunga kila alipofika. Umbo lake, haiku, lote kwa jumla lina vipande vya sauti 17. Mshororo wetu mmoja wa tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, una mizani 16. Lifikirie hilo wakati mwengine utakapolalamika kwamba mizani inakubana: mtu yule alitia asubuhi nzima mahali ambapo sisi tunatia mshororo mmoja na silabi ya ziada.

Hilo linanipeleka kwa rafiki yako wa pili, anayetaka uache vina. Mjadala huu uliwasha moto Tanzania miaka ya 1970, baina ya waliosema shairi lisilo vina na mizani si shairi na waliotaka kuyafungua. Mimi nimelelewa upande wa vina na sitajifanya nimesimama katikati. Lakini nitakwambia kweli yenye manufaa: vina vinadanganya. Vinakusukuma kusema kisichokuwepo kwa sababu kinamalizikia vizuri, na -ni ndicho kina kinachoongoza kwa udanganyifu. Kiswahili kimejaa -ni ya mahali. Mitini, moyoni, njiani, bondeni, mfukoni: unaweza kutunga kutwa bila ya kuchoka na bila ya kuona kitu. Jaribu kufunga ubeti kwa -ngu au -vu uone. Utatafuta, utakasirika, na katika kutafuta utakumbuka kwamba kulikuwa na gogo lenye uvungu kando ya njia, na ndani ya uvungu kulikuwa na kitu. Kina kigumu kinakurudisha njiani ukatazame tena. Kina chepesi kinakuachia ulale.

Kwa hiyo kwa sasa nakushauri usiviache, kwa sababu kwako tatizo halikuwa vina. Ubeti wako wa kwanza ukiuvua vina vyote utabaki "kisiwa kizuri chenye majani na hewa safi", yaani tangazo la hoteli. Ukishazoea kuona, jaribu na mashairi huru ukitaka. Yana faida yake pale jambo linapokuwa la kukatika katika, lisilokubali kituo. Lakini nakuonya kwamba hayo ni magumu zaidi, maana hakuna mizani ya kukushika mkono, na kosa halina pa kujificha.

Umbo lifuate mwendo. Hili nimelijaribu kwa miguu yangu na unaweza kulijaribu Jumamosi ijayo. Sehemu tambarare, tamka mshororo wa tarbia huku unatembea, silabi mbili kwa kila hatua. Ukwapi unakwisha hatua ya nne, unavuta pumzi, utao unakwisha hatua ya nane. Unakaa kama vazi lililoshonwa kwa kipimo chako. Sasa upande mlima, na Pemba milima haiko mbali na mtu yeyote. Pumzi haifiki kwenye utao. Hapo mistari mifupi ya mizani nane, ya utenzi, ndiyo inayopandika, na utenzi unafaa pia kama unataka kusimulia njia yote kutoka mlangoni kwako mpaka shamba la babu, beti baada ya beti, kwa mpangilio ule ule ulivyokutana na mambo. Tarbia mimi naiweka kwa mkutano mmoja: mzee mmoja, mlima mmoja. Na wimbo wa mistari mitatu kwa kile kitu kinachopita upesi, kama ninga anaporuka na wewe hujakaa sawa.

Kuhusu kuandika njiani, sikushauri. Ukisimama simama kuandika unageuka mwandishi wa ripoti, na watu wa mashamba wataanza kukuuliza unatoka idara gani. Nenda urudi na vitu vitatu tu. Usirudi na hisia wala sifa. Rudi na vitu, kila kimoja na jina lake. Viseme kwenye simu kwa sauti yako ukifika mlangoni, kabla hujanywa chai, kwa maneno ya kawaida kama ulivyoniandikia mimi. Kisha viache mpaka katikati ya wiki. Kile ambacho Jumatano bado kinakurudia bila ya kusikiliza simu, hicho ndicho chako. Vyengine vilikuwa vya barabara.

Na majina uyatafute. Vijiji vyetu vingi ni majina ya miti, Mkanjuni, Mzambarauni, na watu wanayatamka kutwa bila ya kuuona mkanju wala mzambarau. Ukikuta mti usioujua usiuite "mti". Muulize mwenye shamba. Utapata jina, utapata dawa yake, na mara nyingi utapata kisa cha mtu aliyeanguka kutoka juu yake, na hapo tayari una ubeti wa pili.

Yapo mambo ambayo mimi siwezi kukusaidia kwa maandishi. Guni ya sikio ni moja. Shairi linaweza kuhesabika vizuri kwenye karatasi na likakwaruza likighaniwa, kwa sababu neno limekatwa katikati ya ukwapi na utao, au silabi nzito imekaa pasipotakiwa uzito. Hilo halionekani, linasikika. Ukishapata beti nne au tano, mtafute mtu anayeghani. Wete hukosi, uliza msikitini kwa wanaosoma maulidi na kasida, au kwa walimu wa Kiswahili wa skuli za karibu nawe. Mwombe aghani yeye, wewe unyamaze. Pale atakapojikwaa, hata kama atajirekebisha upesi, weka alama. Usimtetee mshairi. Ikiwa umepata maneno ya kwenu unayotaka kujua kama yanaandikwa na kueleweka, Baraza la Kiswahili la Zanzibar lipo kwa kazi hiyo pia, na bibi yako, kama yu hai, anatangulia baraza.

Jambo la mwisho la ana kwa ana ni hodi. Huu ni msimu wa karafuu, na mtu anayepita pita kwenye mashamba ya watu alfajiri, anaokota karafuu na kutia mfukoni, anaweza kukutana na mwenye shamba asiyependa mashairi. Karafuu chache za mfukoni si magendo, lakini jieleze mapema. Salimia kwa sauti kabla hujaonekana. Na ukifika mbali mpaka Ngezi, pitia kwa waangalizi wa msitu kwanza. Wao wanajua popo wamelala wapi na wanajua sehemu ambazo watu wa pale hawapendi mgeni azisogelee.

Ubeti wa pili sikuutunga, na nimejizuia kwa shida, kwa sababu mzee yule nilimwacha katikati ya mlima na breki mkononi. Wewe ndiye uliyemwona uso ulipomfikia na kumpa. Alisema nini? Kwenye barua umeruka hapo. Litafute neno lake alilolisema, hata kama ni "ahsante" tu na jinsi alivyolitamka, ulipime, na ukilipatia mahali usiniandikie. Nipigie simu unighanie.